Kumkalisha Mzee

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine, nijibu swali moja. Mtu akikwambia, "Wewe kaa tu, usiguse chochote, mie nitafanya," je, amekupenda au amekuondoa? Usiharakishe kujibu. Mie niliharakisha, na haraka yangu ilikaribia kumgharimu Bibi yangu miguu yake.

Sie tunakaa Ngamiani, katika mitaa ile ya Tanga inayoitwa kwa namba. Barabara ya Kumi, ya Kumi na Moja, ya Kumi na Mbili, zimenyooka kama mistari ya daftari. Ardhi ni tambarare, na ndiyo maana mji wetu umejulikana toka zamani kwa baiskeli, wake kwa waume. Hapa ndipo Bibi aliponilea tangu nikiwa na miaka minne. Kila alfajiri baada ya sala alifagia uwanja, akachota maji, halafu akachukua kapu lake la ukili na kuelekea soko la Mgandini. Huko alibishana bei ya samaki mpaka muuzaji akacheka mwenyewe. Akirudi huleta samaki na habari, na mara nyingi habari ndizo zilizokuwa nzito zaidi. Mchana aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi. Jioni alimtembelea shoga yake mtaa wa tatu kutoka kwetu. Hakuna aliyeyaita mambo hayo mazoezi. Yalikuwa maisha tu.

Nilipomaliza kidato cha nne sikubahatika kuendelea. Nilikaa nyumbani nikiandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha, halafu nikapata kazi ya kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Siku niliyoshika mshahara wa kwanza nilijiapiza: Bibi yangu hatahangaika tena. Nikapatana na kijana wa bodaboda awe analeta mahitaji ya sokoni. Nazi ikawa inakunwa kwa mashine. Binti wa jirani nikampa ujira awe anafagia na kuchota maji. Mwisho nikanunua kiti cha plastiki chenye mikono, nikakiweka barazani, nikamwambia, "Bibi, keti. Pumzika. Zamu yangu imefika."

Aliketi. Majirani wakipita wakamsifu: "Bibi, weye umepata mjukuu! Raha iliyoje!" Naye akaitikia, "Alhamdulillahi." Mie nikajiona mwanamume kamili.

Kwa miezi minane nilijisifu hivyo. Katika miezi hiyo miguu ya Bibi ilianza kuvimba, viatu vikawa haviingii. Akitaka kuinuka hushika ukuta. Yeye aliyekuwa gazeti la mtaa akawa sasa anasimuliwa habari zilizokwisha chacha, tena na watu wenye haraka. Sauti yake ikapungua. Halafu siku moja nikamkuta anaswali juu ya kile kiti. Dini inamruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi, hilo silo lililoniuma. Lililoniuma ni kwamba nilipomkalisha hakuwa mgonjwa.

Nikampeleka hospitali. Presha ilikuwa juu. Daktari, kijana tu wa makamo yangu, akamwuliza, "Bibi, kutwa unafanya nini?"

"Nakaa, mwanangu."

"Nani aliyekukataza kutembea?"

Bibi akanitazama kidogo, akasema, "Nimekatazwa na mapenzi."

Naapa, ningepewa kofi ningeumia kidogo kuliko maneno yale.

Daktari alimwandikia dawa, na dawa hizo Bibi anazimeza mpaka leo. Lakini pia alinieleza jambo ambalo shuleni nililisoma nikalisahau. Damu inayoshuka miguuni hairudi moyoni kwa nguvu za moyo peke yake. Misuli ya miguu inapokaza na kulegea, kama mtu anapotembea, huisukuma damu ipande. Miguu ikikaa kimya, damu na maji huchelewa huko chini, na uvimbe huweza kuja. Misuli hiyohiyo ndiyo inayotumia sukari ya mwili. Isipotumiwa hunyauka, na uzeeni hunyauka upesi zaidi kuliko ujanani. Kwa hiyo kila siku niliyompumzisha Bibi nilikuwa nampunguzia nguvu za kuinuka kesho yake.

Tangu hapo swali langu limekuwa hili: tunaposema tunamheshimu mzee kwa kumkalisha, heshima hiyo ni ya nani?

Wazo la kwamba kukaa ni cheo halikuanguka kutoka mbinguni. Tazama historia ya pwani yetu. Katika karne ya 19 misafara ilishuka kutoka bara mpaka Pangani, hapo jirani zetu, na pembe za ndovu zilikuja juu ya mabega ya wapagazi. Mtu mkubwa hakubeba, alibebewa. Wengine hawakutembea hata hatua moja, walichukuliwa kwa machela. Halafu mwaka 1893 Wajerumani wakaleta mkonge, na mashamba yakaenea nyuma ya mji wa Tanga. Wakaja manamba kutoka mbali kukata majani yale yenye miiba, kila mtu na kipande chake, na kipande hakikujaa mpaka zitimie siku 30 za kazi. Msimamizi alisimama kivulini. Bwana shamba aliketi barazani. Katika nchi ya namna hiyo, mtoto akikua akitazama nani anaketi na nani anahemewa na mzigo, atajifunza somo gani? Atajifunza kwamba kutembea ni unyonge na kukaa ni ubwana.

Basi mtu maskini akipata vijisenti, kitu cha kwanza anachomnunulia mama yake ni kukaa. Simcheki. Nami nilifanya hivyohivyo, tena kwa moyo safi. Lakini moyo safi unaweza kurithi fikra chafu bila kujua. Kile kiti cha plastiki, nikikitazama vizuri, ni kitukuu wa machela.

Tena wakubwa wenyewe si wote waliokubali kubebwa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikuwa Rais, na magari alikuwa nayo. Hata hivyo alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio lile. Kuna aliyemwona mnyonge? La hasha. Heshima yake haikuwa kwenye kiti.

Wataalamu nao wana yao ya kusema. Mwaka 1953, kule Uingereza, daktari Jeremy Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja. Dereva alikaa kutwa, kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Kondakta yule hakuvaa raba wala hakwenda uwanjani. Alikata tiketi tu.

Mfano wa pili uko hapahapa kwetu Tanzania, kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao bado wapo wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, si mbali na mtu wa mjini. Tofauti ni namna wanavyopumzika. Sehemu ya muda huo wanachutama au wanapiga magoti, na misuli ya miguu haikulala. Niliposoma hayo nikaikumbuka mbuzi ya nazi ya Bibi, na mkeka wake. Kumbe hata kuketi kwake kwa zamani kulikuwa na kazi ndani yake: kushuka, kujikunja, kuinuka. Mie nilimletea kiti ambacho hakimdai chochote, na kisichokudai chochote hakikurudishii kitu.

Sasa usidhani kwamba baada ya kujua haya mambo yalinyooka. Nilipoanza kusema Bibi arudi kutembea, Mjomba alikuja mbio kutoka Muheza. Mjomba ni mwanawe Bibi, na ujanani mwake alikata mkonge. Mpaka leo mgongo wake hauinuki sawasawa. Akanikalisha chini.

"Sikiliza, mpwa wangu. Unataka kumrudisha mama yangu kwenye kapu? Watu watasema mjukuu kachoka kulea. Ati mwendo ni afya! Mie nilitembea na kuinama miaka kumi na sita. Mbona sina afya? Hao waliokudanganya wamewahi kubeba mzigo?"

Nilinyamaza. Hoja ya Mjomba ni nzito, na mtu anayehubiri mwendo bila kuijibu anamdhihaki hamali. Ukienda sokoni ukamwambia mama aliyebeba gunia la mihogo kwamba kutembea kunaimarisha moyo, akikurushia muhogo mmoja usimlaumu.

Nimeiwaza hoja hiyo kwa wiki nyingi, na jibu langu ni hili. Mjomba hakuvunjwa mgongo na mwendo. Alivunjwa na mwendo usio wake. Idadi ya mizigo alipangiwa na mwingine, kasi alipangiwa na mwingine, na siku alipoumwa hakuwa na ruhusa ya kusema basi. Tafiti kadhaa za miaka ya karibuni zimeona hivyo pia: kazi nzito ya kulazimishwa, isiyo na mapumziko, haimpi mtu ile kinga anayoipata yule anayetembea kwa hiari. Mtu akiwa bwana wa hatua zake anaweza kupunguza, kusimama, kusalimia, kurudi. Huo ndio mwendo wa upole ninaousema. Kumlazimisha mtu atembee ni dhuluma. Lakini, Mjomba wangu, kumlazimisha akae nako ni nini? Bwana shamba alikunyang'anya haki ya kusimama. Mie nilimnyang'anya Bibi haki ya kwenda. Mlango ni mmoja, sie tumeusukuma kutoka pande mbili.

Nilimweleza maneno hayo. Akasema nasoma sana. Halafu akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza: "Mama mwenyewe anasemaje?"

Tukamfuata barazani. Bibi, ambaye kwa utani huniita mume wake, alitusikiliza wote wawili mpaka tukaisha. Kisha akasema, "Mume wangu, na weye mwanangu, nikianguka njiani mtaniokota. Nikiozea kitini mtasema nimepumzika." Akaomba kapu lake.

Hatukuanza na mambo makubwa. Siku hizi miji yetu ina vikundi vya kukimbia alfajiri, vijana wamevaa fulana za namna moja, wanaimba. Ni jambo zuri. Nilipomtajia Bibi habari za mazoezi, alicheka mpaka machozi: "Nikimbie, nakimbilia nini?" Wako pia wanaohesabu hatua kwenye simu, wakiapa kwamba bila hatua 10,000 hujafanya kitu. Namba hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Haikushuka kwenye maandiko. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ukigawa kwa siku saba, ni dakika 20 na ushei. Likaongeza kwamba mwendo wowote ni bora kuliko kutokuwa nao kabisa. Dakika 20 ni kitu gani? Ni kwenda kununua dagaa.

Basi wiki ya kwanza Bibi alikwenda mpaka kona tu akarudi. Wiki ya pili mtaa mmoja. Anatoka asubuhi kabla jua halijakaza, kapu likiwa tupu. Kila mtaa una baraza ya mtu anayemjua, na kila baraza ni kituo. "Hujambo, Mwana?" "Sijambo, karibu ukae." Anakaa kidogo, anapokea habari, anatoa habari, anainuka. Ngamiani umbali haupimwi kwa hatua, unapimwa kwa salamu. Mizigo mizito kijana wa bodaboda bado anaileta, hilo sikuliondoa. Nazi ya mboga anaikuna mwenyewe, moja tu, akishuka kwenye mbuzi polepole na mkono wake ukiwa juu ya meza. Kiti bado kipo. Anakikalia akichoka, wala hakai mpaka achoke.

Mwezi wa tatu aliteleza karibu na mtaro akachubuka goti.

Ndugu msomaji, sitakuficha: usiku ule sikulala. Nilisikia sauti ya Mjomba kichwani kabla hajapiga simu, na alipopiga alisema yaleyale. Nikajiuliza, je, angevunjika nyonga? Je, angekufa pale mtaroni, ningewaambia nini watu msibani? Hapo ndipo nilipojiona vizuri kuliko siku zote. Niligundua kwamba mtu akifa njiani, aliyemruhusu atoke hulaumiwa. Mtu akinyauka kitini miaka mitano, hakuna wa kulaumiwa. Watu husema, "Alitunzwa vizuri." Kiti hakishtakiwi. Kumbe nilipomkalisha Bibi sikuwa nalinda miguu yake, nilikuwa nalinda jina langu. Nilitaka mapenzi yasiyo na hatari kwangu, na gharama nikamwachia yeye.

Asubuhi nilikwenda kumwuliza yule daktari. Akanieleza kwamba ule mwongozo wa mwaka 2020 umelitazama hata hilo. Kwa wenye miaka 65 na zaidi unasisitiza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Maana anayekaa tu hajaepuka kuanguka. Ameahirisha, na siku atakapoinuka ataanguka kutoka kwenye udhaifu mkubwa zaidi. Kwa hiyo sasa kila jioni Bibi hushika ukuta wa baraza, huinua mguu mmoja, halafu wa pili, watoto wa mtaa wakimhesabia. Nikamnunulia na viatu vyenye nyayo zisizoteleza. Hofu yangu haijaisha. Nimeamua tu kwamba hofu ni mzigo wangu, na si haki kumbebesha Bibi.

Nami je? Mwalimu wa mwendo alikuwa anakwenda kazini kwa bodaboda, mitaa mitano tu! Usiku nakaa mezani na riwaya yangu mpaka kiuno kinakauka. Nilikuwa kama yule dereva wa London, nimekaa huku nikimkemea kondakta. Siku hizi natembea. Nikikwama katika sura ya riwaya, naondoka mezani, nakwenda mpaka relini na kurudi. Sikuahidi kwamba sura hukamilika. Mara nyingine narudi na jina la mhusika, mara nyingine narudi na jasho tu.

Miguu ya Bibi haikurudi kuwa ya zamani. Uvimbe umepungua, haujakwisha. Kuswali, Maghribi anaswali juu ya mkeka, sala nyingine bado kitini. Ana miaka sabini na tisa, nami sidai kwamba mwendo utamfanya msichana. Nadai kidogo zaidi ya hapo, au pengine zaidi sana: kwamba siku alizobakiza ziwe zake, na atoke nyumbani akiwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumsubiri.

Kwa hiyo narudi kwenye swali langu la mwanzo, na sasa nalielekeza nyumbani kwako. Yuko mzee ambaye mmemwambia akae. Mmempokonya ufagio kwa heshima, kapu kwa heshima, na njia kwa heshima. Mlimwuliza? Kama hamkumwuliza, mwulizeni leo, na jibu lake mlivumilie hata likiwatia hofu.

Naishia hapa kwa sababu Bibi amesimama mlangoni na kapu mkononi, ananiuliza nani amelificha kitambaa chake, na kama naandika au nakwenda naye.

Nakwenda naye.